Kikundi hakijanitoa kwenye dawa
Eti vikundi vya wagonjwa wa baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) vinawashawishi watu waache dawa? Kwangu ni kinyume. Natumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo, na aliyenifanya nisikwepe kipimo cha damu cha kuangalia kiwango chake ni mwenzangu wa kikundini. Daktari alishanieleza kuwa ikizidi mwilini ni sumu, ila kwa haraka ya foleni halikuniingia. Tena wenzako wanakushtukia mapema hisia zikianza kupanda: hulali, huchoki, usiku wa manane unawatumia watu mipango ya biashara. Nyumbani wanafurahi umechangamka, mwenzako wa kikundini anauliza, “Jana umelala saa ngapi?” Kinachonitia shaka ni vikundi visivyo na msimamizi aliyefunzwa (vipo vingi tu). Mtu akianza kuzungumzia kujiua, kwenu huwa mnafanyaje?