Nukuu pekee hazitoshi

Makala niliyoisoma inampima mtafiti bora wa saratani ya ini kwa mara kazi yake ilivyonukuliwa na watafiti wenzake. Sawa, ila mimi ningeuliza nani kapona kwa kazi yake. Mmarekani Palmer Beasley alifuatilia wanaume zaidi ya 22,000 kule Taiwan, wengi watumishi wa serikali, aone nani ataugua. Karibu wote waliokufa kwa saratani ya ini walikutwa tangu mwanzo na virusi vya homa ya ini B! Matokeo yakatoka 1981. 1984 Taiwan ikaanza kuchanja vichanga, kwanza wale wa akina mama wenye virusi, na saratani hiyo kwa watoto ikashuka. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 1976 alipewa mwanasayansi Blumberg, aliyegundua virusi vyenyewe. Beasley hakuipata, na kwa maoni yangu aliistahili.