Kutoka ICU hadi mlima wa Mabatini

Mgonjwa akitolewa kwenye mashine ya kupumulia kule ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ukoo mzima humshukuru Mungu, na ni haki yao. Shida inaanza akipewa ruhusa arudi Mabatini, Mwanza, juu kule kwenye mawe ambako bodaboda huishia njiani, na miguu haimfikishi hata chooni. Majirani wataanza: kapooza huyo, au karogwa. Kumbe misuli imeisha akiwa kitandani.

Wataalamu wanalijua hili. Mwaka 1984 Charles Bolton na wenzake, Kanada, walieleza jinsi neva za wagonjwa mahututi zinavyoharibika. Mwaka 2002 Wafaransa wakakuta robo ya waliozinduka baada ya siku 7 au zaidi kwenye mashine wana udhaifu huo wa misuli. Uingereza nao, mwaka 2013, wakapima msuli wa paja kwa ultrasaundi: ndani ya siku 10 ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Siku 10 tu!

Siku hizi mjadala ni mazoezi ya mapema, yaani yanayoanza mgonjwa angali kwenye mashine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, wagonjwa 104, ulileta matumaini: asilimia 59 ya waliofanyishwa mazoezi mapema walitoka hospitali wakijitegemea, wenzao wa huduma ya kawaida asilimia 35. Kisha mwaka 2022 likaja jaribio kubwa la wagonjwa 750, halikuona faida, na madhara yakaongezeka. Wapo waliohitimisha kwamba mazoezi ni kazi bure. Mimi sikubali. Katika jaribio hilo, kundi lililoitwa la huduma ya kawaida lilikuwa likipata kama dakika 9 za mazoezi kila siku. Lile jingine 21. Pale kingi kimeshindanishwa na kingi zaidi. Kwetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anagawana siku yake na waliovunjika na wenye kiharusi. Hizo dakika 9 azitoe wapi?

Kupima udhaifu huo, walau, hakuhitaji umeme. Mgonjwa akiwa macho na anaelewa, unapima kwa mikono makundi 12 ya misuli, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla ni 60. Chini ya 48 ni udhaifu. Alama hiyo iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, ili daktari wa Ukerewe au Sengerema ajue anampokea mtu wa hali gani. Na yule ndugu anayeshinda nje akingoja saa ya kuona wagonjwa aitwe ndani, afundishwe kumkalisha, kumsimamisha na kumnyoosha magoti. Atakayempandisha mlima ni yeye.