Aliyefuta Anaonekana, Aliyeondoka Haonekani

Lalamiko dhidi ya wasimamizi wa makundi ya wakulima ya WhatsApp huku Nyanda za Juu Kusini ni lilelile, uwe Mbozi, Makete au Ilula: wana kiburi. Mtu kaweka dua ya Ijumaa, imefutwa. Mwingine kaweka picha za mashati anayouza, zimefutwa. Wa tatu kauliza mtandao gani una bando nafuu mwezi huu, swali limeondolewa na juu yake kaambiwa hapa ni viazi tu. Anajiona kadhalilishwa mbele za watu, na wenzake wanamuunga mkono kwa hoja ambayo si rahisi kuipinga: kundi ni letu sote, huyu ukubwa kaupata wapi?

Hoja hiyo ina uzito na nitaifikia. Ila inawahesabu watu wawili tu, aliyeandika na aliyefuta. Anayejibu maswali hayumo kabisa kwenye hesabu hiyo, wakati yeye ndiye aliyewafanya watu wajiunge.

Katika kundi la watu 500, wanaojibu kwa ujuzi ni wa kuhesabika kwa vidole: afisa ugani wa kata, muuza pembejeo aliyesomea kilimo, mkulima mmoja au wawili wa mbegu bora na, mkibahatika, mtafiti wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mbeya, aliyeombwa na rafiki yake aingie. Hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo. Sera inataka kila kijiji kiwe na afisa ugani wake, lakini vijiji vingi bado vinagawana mmoja, na zile pikipiki zilizogawiwa mwaka 2022 zimerahisisha safari bila kuongeza saa za siku. Afisa huyo anashika simu usiku, amechoka, kwa bando alilonunua mwenyewe. Akikuta ujumbe 200, na kati yake maswali ya shamba ni 6, mengine yote ni "Amina", stika za maua na lile tangazo la GB za bure linalokutaka kwanza ulitume kwa makundi 10, atafanya nini? Siku za mwanzo atapekua. Baadaye ataliweka kundi kimya. Mwisho ataacha kulifungua, au atatoka.

Kutoka huko ndiko kunakonisumbua kuliko jambo lingine lolote katika mjadala huu. Mwaka 2022 WhatsApp ilileta mabadiliko mawili. Msimamizi alipewa uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, na mahali pake panabaki maandishi yanayoeleza kwamba umefutwa, jina la aliyefuta likiwa wazi. Mwaka huohuo, mwanachama aliruhusiwa kutoka bila kundi zima kutangaziwa. Wanaojulishwa ni wasimamizi peke yao. Yaweke mabadiliko hayo pamoja. Kufuta kunaacha alama ambayo watu 500 wanaiona na kuihoji. Kuondoka kwa mtaalamu hakuachi alama yoyote kwenye mazungumzo. Aliyefutiwa dua atapata watetezi asubuhi hiyohiyo. Bwana shamba aliyetoka usiku hana wa kumuuliza kwa nini, maana wanachama hawakutangaziwa. Na yule aliyeweka kundi kimya haonekani hata kwa msimamizi: jina lipo kwenye orodha, mtu hayupo. Baada ya muda watu wanaanza kusema siku hizi kundi limepoa, ukiuliza hujibiwi, na lawama inamrudia msimamizi yuleyule, safari hii kwa kosa la kutochangamsha kundi. Tumezoea kupima ukali kwa hasara tunayoiona, na hasara ya ulegevu hatujawahi kuiona, ndiyo maana kila mara anayefuta anashindwa kesi.

Hasara hiyo ina bei shambani. Chukua bakajani chelewa ya viazi, ambayo wengi tunaiita ukungu. Baridi na mvua za Uporoto, Umalila na Makete ndiyo hali inayoustawisha ugonjwa huu, na ukishashika, shamba zima linaweza kuungua ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa ya mankozebu kazi yake ni kinga: inakaa juu ya jani na kuzuia ugonjwa usiingie. Ukishaingia, inatakiwa dawa inayopenya, kama zile zenye metalaksili, na hata hizo zina kikomo chake. Swali lililoulizwa Jumatatu, likafukiwa chini ya salamu na kujibiwa Alhamisi, linapata jibu lililokuwa sahihi Jumatatu.

Kibaya zaidi ni upuuzi unaoingia kwenye majibu. Mkulima katuma picha ya viazi vilivyonyauka mchana wakati udongo una maji. Inaweza kuwa mnyauko bakteria, ambao hauna dawa ya kunyunyizia. Kuutambua hakuhitaji maabara. Unakata kipande cha shina karibu na ardhi, unakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, unasubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria: ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, usipande viazi, nyanya wala biringanya hapo kwa misimu kadhaa, na mbegu usiitoe humo. Jibu hilo ni la mistari minne, na kwenye kundi zima pengine ni mtu mmoja anayelijua. Kabla hajafungua simu, watano wameshaandika: majivu, sabuni ya unga, dawa ya kupe, mfuate fulani pembeni ana dawa ya maji kutoka nje, Mungu akutangulie. Anayesoma akiwa kijijini hana njia ya kujua lipi limetoka kwa mtu anayejua. Kuyaacha yote yakae sawa kwa jina la uhuru ni kumtwisha kazi ya kuchambua mtu ambaye, kama angekuwa na uwezo huo, asingeuliza.

Sasa upande wa pili, maana walalamikaji nao hawajazua. Wasimamizi wengi wanachanganya swali bovu na upuuzi. Fikiria mama wa Umalila anayetuma sauti ya dakika tatu, nusu Kimalila nusu Kiswahili, mbwa wanabweka nyuma yake, bila picha wala kutaja zao, anasema shamba linakwisha jamani, nisaidieni. Kanuni za kundi zinadai utaje zao, umri wa mmea na uweke picha mbili. Hajatimiza hata moja. Ukimfutia, hatarudi tena, na ugonjwa ulioko shambani kwake utafika kwa jirani zake waliojua kuandika. Huyu anatakiwa kuulizwa: ni viazi au mahindi, mama? Yalianza kukauka majani ya chini au ya juu? Msimamizi anayefuta kwa sababu ya namna swali lilivyosemwa anawachuja watu kwa elimu yao, na wanaodondoka kwanza ni wazee na wanawake. Hapo hana utetezi, na sitamtafutia.

Wenzetu wa kompyuta walishapita njia hii. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky kwa maswali ya waandika programu, ilitenganisha kufunga swali na kulifuta. Lililofungwa halipokei majibu mapya, lakini bado linasomeka, mwenyewe anaambiwa limepungukiwa nini, na akilirekebisha linaweza kufunguliwa. Wanaopiga kura za kufunga ni wanachama wenye alama kuanzia 3,000, na kwa kawaida kura ya mmoja wao haitoshi. Pamoja na uangalifu wote huo, mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba wageni wengi, wanawake wakiwemo, wanaona pale hapawakaribishi. Upande wa ulegevu tunayo Yahoo Answers, iliyoanza mwaka 2005, ikajulikana zaidi kwa maswali ya vichekesho kuliko kwa majibu, ikafungwa Mei 4, 2021, Yahoo ikieleza kuwa watumiaji walikuwa wamepungua. Kati ya balaa hizo mbili, afadhali nipambane na ile ya kwanza, ya ukali. Ukali unaweza kulegezwa na waliobaki ndani: wakaongezwa wasimamizi wawili zaidi, mmoja wao mwanamke mkulima, ikawekwa desturi ya kumwandikia mtu pembeni kabla ya kumfutia, na maswali mabovu yakasubiri hadi kesho yake. Ila mtaalamu aliyechoka na kutoka, kumbembeleza arudi ni kazi ambayo sijaona wengi wakiiweza.

Yapo ya katikati. Mtu anauliza kwenye kundi la magonjwa ya viazi gunia limefika bei gani soko la Soweto, Mbeya, na kama bado wanalazimisha lumbesa, yaani gunia la kujaza kupita kipimo. Wasimamizi wakali wanalifuta. Mimi ningeliacha, kwa sababu mwenye shamba linaloanza kuungua anaamua kunyunyiza tena au kuvuna mapema kwa kutazama bei, na lumbesa inamla faida kama ukungu unavyomla majani.

Msiba ndio mgumu kuliko yote. Huku kwetu taarifa ya msiba haiulizwi inahusu mada gani. Inasomwa kanisani, inasomwa mkutanoni, kazi za shamba zinasimama. Msimamizi anayeifuta ataitwa hana utu, na wanaomwita hivyo sitawalaumu. Lakini inayofukia maswali siyo taarifa, ni zile pole 150 zinazoifuata, kila moja na mishumaa yake. WhatsApp siku hizi inaruhusu makundi kadhaa yakae chini ya jumuiya moja, kwa hiyo la misiba na matangazo linaweza kuwa mlango wa pili bila mtu kuondoka nyumbani. Pasipokuwa na kundi hilo, na pole zikaanza kumiminika usiku wa mvua za Januari juu ya swali la mtu ambaye viazi vyake vimeanza kuungua, ningeiacha taarifa ya msiba, ningezifuta pole, yangu ikiwemo, na asubuhi ningempigia mfiwa simu.