Pesa uliyokwisha kuishinda: saa za kusubiri katika kasino za mtandaoni za Uingereza

Ijumaa moja usiku, mwaka 2019, nilikuwa sebuleni kwa rafiki yangu mjini Leicester. Ni mtu wa biashara ya magari, na dau lake halikuwa dogo. Alinionyesha simu. Kwenye akaunti yake ya kasino kulikuwa na pauni 14,000, na alikuwa ameshaomba kutoa 12,000. Chini ya ombi paliandikwa kwamba linashughulikiwa na malipo yatatoka Jumatatu. Pembeni palikuwa na kitufe cha kijani cha kughairi, ili pesa irudi mchezoni papo hapo. Ukurasa wa kutoa pesa alikuwa ameusaka kwa dakika kadhaa, menyu baada ya menyu. Kitufe cha kughairi kilimngoja kila alipofungua programu. Kwenye korido ya nyumba yake ilikaa ndoo ya kukinga maji, maana paa lilikuwa linavuja, na fundi alikuwa ameshaambiwa aje wiki ile. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa tisa, rafiki yangu akakibonyeza kile kitufe. Jumatatu ilipofika hapakuwa na cha kulipwa.

Kitufe hicho leo ni marufuku. Tume ya Kamari ya Uingereza ilizitaka kampuni zikiondoe Mei 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, kisha ikakipiga marufuku kabisa kuanzia 31 Oktoba 2021. Lakini kusubiri kwenyewe kumebaki, na mjadala nao umebaki: mtu anayecheza dau kubwa akishinda, alipwe kwa kasi gani, na nani awe na ruhusa ya kumshikia pesa yake?

Najua wengi hawana huruma naye. Mtu anayeweza kuweka pauni elfu mbili kwenye mkono mmoja wa blakijeki, mchezo wa karata, akisubiri wiki moja atakufa? Wasomaji wengi wa Kiswahili, Waislamu kwa Wakristo, wanaona kamari ni kosa tangu mlangoni, na mimi siandiki kuitetea kamari. Naandika kwa sababu hoja ya malipo ya haraka inachukuliwa kama ulafi wa matajiri, wakati kwa maoni yangu ni mojawapo ya kinga chache zinazomsaidia mchezaji kweli.

Nianze na upande wa kampuni, kwa sababu wana hoja nzito. Kasino ni mahali pazuri pa kutakatisha fedha. Unaingiza pesa ya wizi, unacheza kidogo, unatoa, na sasa ukiulizwa unasema umeshinda. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji fedha zinazilazimisha kasino kumchunguza mteja muamala wake unapofika yuro 2,000. Kwa mcheza dau kubwa kiwango hicho hufikiwa siku ya kwanza. Kampuni ikishuku jambo, hupeleka ripoti kwa Wakala wa Taifa wa Kupambana na Uhalifu na kuomba idhini ya kuendelea na malipo. Wakala huyo ana siku saba za kazi za kujibu. Akikataa, pesa inaweza kukaa siku 31 nyingine. Katika muda wote huo ni kosa la jinai kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili.

Yule kijana wa huduma kwa wateja anayejibu kila siku kwamba bado tunakagua, tafadhali subiri, pengine hana namna nyingine. Anajua, au hajui, lakini mdomo umefungwa na sheria. Wanaowatukana wafanyakazi hawa wangepaswa kulijua hilo.

Kuna pia kesi ya Phil Ivey, bingwa wa poka kutoka Marekani, ingawa hiyo ni ya kasino ya jengo. Mwaka 2012 alishinda pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords, London. Wenye kasino hawakulipa, walikwenda kupitia picha za kamera, wakagundua alikuwa anazitambua karata kwa tofauti ndogo za michoro ya mgongoni. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mwaka 2017 kwamba huo ulikuwa udanganyifu. Wangelipa usiku uleule, pesa ingekuwa imeshavuka bahari.

Hayo yote ni kweli. Sasa tuangalie mlango wa kuingilia.

Machi 2023 Tume iliitoza kampuni ya William Hill pauni milioni 19.2. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa, mteja mmoja aliruhusiwa kufungua akaunti mpya na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kukaguliwa. Nimekaa na namba hiyo muda mrefu. Ni pauni 1,150 kila dakika, karibu pauni 19 kila sekunde. Katika dakika hizo 20 hakuna aliyesema chanzo cha fedha kinahitaji uchunguzi. Hakuna aliyeomba hati ya mshahara. Hakuna aliyesema ofisi imefungwa, rudi Jumatatu. Mteja huyo angeshinda na kuomba kutoa kiasi kilekile, angesubiri dakika ngapi? Nimewasikiliza wachezaji wengi wa Uingereza, na sijamsikia hata mmoja aliyewahi kuombwa pasipoti wakati anaweka pesa saa nane za usiku. Wanaombwa wakati wa kutoa.

Kama kweli shida ni pesa ya wizi, basi ukaguzi una faida kubwa zaidi pesa inapoingia, kabla haijachanganyika na ushindi. Na kama shida ni mtu anayejiumiza kwa kamari, ukaguzi wa kutokea umechelewa mno, kwani wanaoumia zaidi hawafiki kwenye ukurasa wa kutoa pesa.

Tume yenyewe ililiona hili. Tangu 7 Mei 2019 kampuni lazima imthibitishe mteja jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa kabla hajacheza, na haiwezi kugeuza ombi la kutoa pesa kuwa sababu ya kudai taarifa ambazo ingeweza kuziomba mapema. Ukitaka kuelewa mzozo mzima, soma neno hilo “mapema”. Kampuni zinasema taarifa fulani hazikuwa na haja mapema, haja imekuja na ushindi. Kwa mteja wa pauni 20 naweza kukubali. Kwa mcheza dau kubwa hoja hiyo haisimami, kwa sababu tangu 31 Oktoba 2020 kampuni hairuhusiwi kumpa mtu hadhi ya mteja maalumu (VIP), ile wanayopewa wacheza dau kubwa, mpaka iwe imethibitisha yeye ni nani, anafanya kazi gani, pesa yake inatoka wapi na kama anaumudu mchezo wake. Mtu huyo ameshakaguliwa. Faili lake lipo. Akiulizwa tena chanzo cha fedha siku aliyoshinda, ama faili lile lilijazwa ovyo, ama kuna anayenufaika na muda unaopita.

Benki nazo zisisingiziwe. Mfumo wa Faster Payments umefanya kazi Uingereza tangu 2008, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, na pesa kwa kawaida hufika ndani ya sekunde au saa chache. Mwaka 2022 ukomo wa mfumo huo kwa muamala mmoja ulipandishwa kutoka pauni 250,000 hadi milioni moja. Kampuni ikisema siku tatu hadi tano za kazi, kwa sehemu kubwa siku hizo ni za meza yake yenyewe.

Na siku hizo zina thamani, hapa ndipo watu hawanielewi. Kitufe cha kughairi kimeondoka, lakini ukomo wa kutoa haujaondoka. Chukua mtu aliyeshinda pauni 60,000 kwenye kasino yenye ukomo wa pauni 10,000 kwa mwezi. Miezi sita. Mwezi wa kwanza analipwa 10,000, na 50,000 zinabaki kwenye salio, pale pale anapochezea, zikimwangalia kila akiingia kuuliza malipo yake yamefika wapi. Ili adai pesa yake lazima afungue kasino. Ndivyo ilivyo pia ombi likikataliwa kwa sababu hati moja haisomeki vizuri: pesa inarudi kwenye salio, na salio liko hatua moja kutoka mezani. Mtu aliyezoea kuweka elfu mbili kwa mkono mmoja anaweza kuimaliza 50,000 kabla chai haijapoa. Hakuna aliyemlazimisha, watasema. Kweli, hakulazimishwa. Ila amelazimishwa kukaa na pesa yake mahali hapo badala ya benki.

Kucheleweshwa kuna ndugu yake, kunyimwa. Muda wa kusubiri ndio muda wa kampuni kutafuta sababu. Januari 2018 mtu mmoja wa Lincolnshire alishinda pauni milioni 1.7 kwenye mchezo wa blakijeki wa Betfred. Akaambiwa mchezo ulikuwa na hitilafu. Alisubiri hadi Aprili 2021, Mahakama Kuu iliposema masharti ambayo kampuni ilijificha nyuma yake hayakutosha, alipwe. Mwanamke mmoja wa Gloucestershire naye, Oktoba 2020, simu yake ilimwonyesha zawadi ya zaidi ya pauni milioni moja kwenye mchezo wa Paddy Power, akalipwa 20,265. Alishinda kesi Machi 2025. Na hawa wana bahati ya zama: kabla ya 1 Septemba 2007 sheria ya Uingereza, tangu 1845, haikulitambua deni la kamari mahakamani. Wangekwenda kulia kwa nani?

Tena, malipo yanayokwama huwa ishara. Wacheza poka wanaikumbuka Full Tilt, tovuti ya poka iliyokuwa na leseni ya kisiwa cha Alderney. Pesa za wachezaji zilianza kuchelewa, watu wakapewa maelezo, na mwaka 2011 ikaja kudhihirika kampuni ilidaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki ikiwa na kama milioni 60. Waliokuwa wepesi kutoa walipona.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonikosesha usingizi, nayo haihusu utakatishaji. Kasi yenyewe inatumika kama chambo. Kasino zisizo na leseni ya Uingereza, nyingi zikitumia sarafu za kidijitali, zinajitangaza kwa jambo hilohilo: pesa ndani ya dakika kumi, hakuna maswali. Mcheza dau kubwa aliyechoshwa na ukaguzi anakwenda huko, na huko hakuna Tume, hakuna msuluhishi, wala GAMSTOP, mfumo wa kumfungia mtu aliyeomba mwenyewe afungiwe kucheza. Watetezi wa ukaguzi wanasema: mnaona kasi inakopeleka watu? Mimi nasoma tofauti. Kila siku ambayo kampuni yenye leseni inamshikia mteja pesa bila sababu ya kisheria, inamsukuma kule.

Kwa anayecheza leo, ndani ya sheria, kasi hutengenezwa kabla ya ushindi. Athibitishe leseni kwenye daftari la wazi la Tume. Asome ukomo wa kutoa, kwa siku na kwa mwezi, kabla ya kuweka hata pauni moja. Atumie akaunti moja ya benki yenye jina lake, kuweka na kutoa, kwa sababu kampuni hurudisha pesa ilikotoka. Apeleke taarifa za benki za miezi mitatu, hati za mshahara au za kodi, na kama pesa ilitokana na nyumba iliyouzwa, barua ya wakili aliyesimamia mauzo, yote haya akiwa hajashinda kitu, na aombe jibu la maandishi kwamba zimepokelewa. Akatae bonasi, kwani masharti yake hufunga pesa. Wakimzungusha, alalamike rasmi. Wiki nane zikipita bila suluhu, aende kwa msuluhishi wa nje kama IBAS. Na ikiwa anaona hawezi kusubiri siku moja bila kucheza salio lililopo, basi huyo ni mtu wa GAMSTOP, leo leo. Rafiki yangu alijiandikisha huko mwaka 2020.

Kwa Tume, ninachokitaka ni kidogo. Pesa iliyoombwa itoke kwenye salio la kuchezea dakika ileile, yote, hata kama italipwa kwa awamu, ikae mahali ambapo mchezo hauifikii. Kampuni ilipe ndani ya saa 24, zihesabiwe tangu ombi lilipotumwa, wikendi ikiwemo. Zikizidi, kampuni iieleze Tume kwa maandishi kwa nini, hata pale ambapo pesa inangoja idhini ya Wakala wa Taifa. Kumdokezea mteja ni kosa, lakini kumweleza msimamizi wa kampuni hizo sheria inaruhusu.