Mama Mkwe Ndani ya Droo

Tela letu la kulala lina ubavu unaotoka nje. Mkishaegesha na kulisawazisha, unabonyeza swichi, mota inanguruma, na kipande kizima cha sebule, kochi na dirisha lake, kinasogea nje karibu mita moja. Sisi tunakiita droo. Droo ikiwa nje, mnapishana ndani bila kuombana radhi. Ikiwa imerudi, kochi linakwenda kubanana na kabati za jikoni, na mwenye kitambi inabidi achague upande mmoja wa kuishi.

Aliyebuni kitu hiki ana akili nyingi. Ninayemtafuta ni yule aliyeamua hendeli ya dharura ikae wapi. Hendeli ni mkono wa chuma wa kuzungushia droo pale umeme unapogoma. Kwetu sisi, kiwanda kiliiweka kwenye sanduku chini ya kochi, na kochi lenyewe limo ndani ya droo. Kwa hiyo droo ikikwama ndani, kochi limebanwa na sanduku halifunguki: ufunguo umefungiwa chumba kilekile unachotaka kukifungua. Bahati yetu ni kwamba siku hiyo ilikwama nje. Sanduku lilikuwa linafunguka vizuri kabisa, isipokuwa juu ya kochi alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Ilikuwa asubuhi ya kuondoka kambini. Waliokuwa wanakuja kupanga pale tulipokuwa walishafika, wamepaki pembeni, wanatutazama kwa subira inayoumiza. Mke wangu akabonyeza swichi ya kurudisha droo. Tak. Akabonyeza tena. Tak. Mota haikunguruma wala haikuguna.

"Shem, fyuzi hiyo," akasema kaka yake mke wangu, ambaye kwake kila kitu kikiharibika ni fyuzi, hata bomba la maji.

Tukaichomoa ile ya ampea 30. Nzima. Tukaweka mpya hata hivyo, kumridhisha. Tak. Nikapima betri kwa mita, ikasoma volti 12.6, yaani imeshiba. Shemeji akaitazama ile namba, akaitazama droo, akasema, "Umeme upo, ila kwetu haujui njia." Tukacheka. Baadaye tuligundua kwamba hakuna aliyesema kweli siku ile kuliko yeye.

Kuondoka na droo ikiwa nje haiwezekani. Marekani upana wa gari barabarani kwa kawaida unaishia inchi 102, kama mita 2.6, na Ulaya ni mita 2.55. Sisi na ubavu wetu tulikuwa tumefika mita tatu na nusu. Tungeondoka na vioo vya watu.

Ikabaki hendeli. Sasa, mimi mkwe nitamwambiaje mama anyanyuke? Nikamwambia mke wangu, mke wangu akamwambia kaka yake, kaka yake akakohoa kidogo.

"Mama, samahani, tunaomba hendeli."

"Mimi sina hendeli."

"Umeikalia, mama."

Akainuka taratibu kama mtu anayesimamishwa na wimbo wa taifa, akasubiri tuchukue tulichotaka, akakaa tena palepale.

Nikaingia uvunguni. Kule chini, nyuma ya gurudumu, kuna ncha ya chuma yenye pembe sita imefunikwa na kizibo cha mpira, na hendeli inavaa hapo. Nikavalisha, nikazungusha. Haikwenda. Shemeji akaingia naye, tukasukuma wawili, tope likatuingia mpaka kwenye mifuko ya shati. Haikwenda. Kulikuwa na kibandiko cha mshale wa kuonyesha upande wa kuzungushia, lakini jua na matope vilishakifuta, umebaki mkia tu. Majirani wakawa wamefika kutusaidia. Mmoja akasema kulia. Mwingine akasema kushoto. Wa tatu akasema kwake yeye iliwahi kutokea, akauza.

Ndipo sauti ikatoka dirishani juu yetu, sauti ya mtu aliyevaa miwani yake ya kusomea: "'Kabla ya kuzungusha, legeza breki ya mota.'"

Kimya. Nikatoa kichwa uvunguni. Mama mkwe alikuwa na kile kijitabu cha maelekezo ambacho tulikuwa tumepindua nusu ya tela kukitafuta.

"Mama, unacho tangu lini?"

"Tangu usiku. Sikuwa na cha kusoma."

Breki hiyo ina kazi yake, tusiilaumu. Ndiyo inayoishika droo isitembee yenyewe mnapokata kona. Ikiwa imeshika, kuzungusha hendeli ni kushindana na mota nzima, na mwenye nguvu sana ataishia kukata pini au kula meno ya gia. Kuna kiwiko kidogo mwishoni mwa mota, unakigeuza, breki inaachia. Mchoro wa kijitabu ulikionyesha kushoto kwa sababu kijitabu kimoja kimeandikiwa matela ya kila aina. Cha kwetu kilikuwa kulia, chini ya udongo mkavu wa safari zote tulizowahi kwenda.

Kikaachia. Hendeli ikazunguka laini. Tulikuwa karibu kushangilia, Mama akaendelea: "'Hakikisha hakuna mtu ndani ya sehemu inayosogea.'"

"Basi, mama, shuka kidogo," akasema shemeji.

"Nikishuka nani atawasomea?"

Shemeji akamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama mimi. Mimi nikarudi uvunguni. Kuna mambo hayamo katika mamlaka ya mkwe.

Kila mzunguko wa hendeli unaisogeza droo milimita chache tu, na ile ni droo ya mamia ya kilo hata kabla hujaongeza abiria. Jirani yule wa kulia akaleta drili yake ya betri, tukafunga boksi la spana la saizi ileile, tukaiweka kwenye mwendo wa chini kabisa. Na usithubutu kuiachia kasi: droo ikifika mwisho na drili bado inazunguka, kinachofuata kuzunguka ni kiganja chako. Ilikwenda vizuri. Mama akaanza kutusimulia safari yake kutoka juu. "Mti umepita. Sasa naona ngazi." Nusu ya njia betri ya drili ikakata. Tukarudi kwenye mkono.

Uzuri wa mkono ni kwamba unasikia uzito. Mota haina huruma, inasukuma tu mpaka kitu kivunjike. Mimi nilihisi hendeli imekuwa nzito ghafla, nikaacha. Mke wangu akachungulia ndani: mlango wa kabati ulikuwa wazi, na kochi limeshaugusa. Nani aliufungua? Shemeji akasema alikuwa anatafuta sukari.

Tukaumalizia mchezo. Mipira ya kuzuia maji ikalala ubavuni sawasawa pande zote. Wale waliokuwa wanasubiri wakapiga makofi, mmoja akawasha gari kabisa. Kisha mke wangu akaita, "Mama, shuka twende."

Kukawa na kimya cha mtu anayetafakari.

"Mwanangu," akajibu, "magoti yangu yako jikoni."

Alikuwa amebanwa kati ya kochi na kabati, hajaumia, hana wasiwasi, ila hatoki. Kijitabu bado kipo mkononi. Shemeji, maskini, akakumbuka dirisha la dharura, lile lenye vishikizo vyekundu, la kutokea moto ukitokea. Akalitaja. Mama akalitazama dirisha, akamtazama mwanawe, na shemeji akasema hakuwa amesema kitu.

Nikaingia uvunguni tena, safari hii kuzungusha kwenda nje. Yule aliyewasha gari akalizima. Tulipompata upenyo wa kutosha Mama akatoka, akajinyoosha, akashuka ngazi, tukaanza kurudisha. Droo ilipokaribia kufunga akasema, "Na mkoba wangu?"

Ulipotoka mkoba, tukafunga. Nilikuwa nimeshapanda garini nimevaa mkanda aliponigongea kioo.

"Baba, breki mmerudisha?"

Nilikuwa nimeirudisha. Nikashuka hata hivyo, nikalala tena kwenye tope, nikakishika kile kiwiko mbele yake ili aridhike.

Fundi tuliyempitia hakuchukua muda. Aliweka mita kwenye waya za mota, akasema tubonyeze swichi: volti zikaporomoka mpaka 9. Betri ilikuwa nzima na fyuzi nzima. Waya wa hasi, pale ulipofungwa kwa bolti kwenye chesisi, ulikuwa umeliwa na kutu. Umeme ulikuwepo kweli, ila njia haukuijua. Shemeji hakusema neno, alikaa tu kwenye tairi la akiba akitabasamu kama mzee wa ukoo. Fundi akasugua kwa msasa na brashi ya waya, akakaza, akapaka grisi, akabonyeza. Droo ikatoka inanguruma.

Hendeli sasa inasafiri kwenye buti la gari, pamoja na fyuzi za akiba na lile boksi la spana. Kijitabu kiko kwenye mkoba wa Mama na hakiazimwi.

Fundi alipotaka kuijaribu kurudi ndani, tukamkuta Mama ameshapanda, amekaa kochini, miwani usoni.

"Mama, ni majaribio tu," akasema mke wangu.

"Najua. Lakini mwambie atumie mkono. Umeme unakwenda mbio, sioni miti."