Lava za Oman na bahari iliyopotea: kemia inatufikisha wapi?

Wadi Jizzi, ndani kidogo ukitokea Sohar kule Oman, kuna lava za mviringo zimebebana kama mito ya kulalia, na lava haikai hivyo mpaka imwagike chini ya maji. Kwa hiyo kwamba ni sakafu ya bahari ya kale ya Tethys, ina miaka milioni 96 hivi, ikapandishwa juu ya Arabia, hilo halina ubishi. Ubishi ni ilizaliwa wapi: kwenye mgongo wa katikati ya bahari mabamba ya ganda la dunia yakiachana, au juu ya bamba lingine lililokuwa tayari linazama?

Hapo ndo kemia inaingia. Tangu wanajiolojia Pearce na Cann mwaka 1973 watu wanapima elementi za titani, zirkoni na itri na kuzichora kwenye grafu ili kujua lava ilizaliwa wapi, kwa sababu hazihami kirahisi hata jiwe likiloweshwa na maji ya moto ya bahari, potasiamu na sodiamu huwezi kuziamini. Halafu kuna thori na niobi, bamba likizama thori inapanda na rojo (mwamba ulioyeyuka), niobi inabaki nyuma, kwa hiyo ukikuta thori nyingi na niobi kidogo unashuku bamba linalozama. Lava za chini za Oman zinafanana sana na za mgongo wa bahari, ila zilikuwa na maji kuliko kawaida, na zilizo juu yake zina alama ya bamba waziwazi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Rojo likipita kwenye ganda la bara na kulimega kidogo linatoa alama ileile, ndo maana basalti nyingi zilizomwagika katikati ya mabara zinaangukia upande usio wake kwenye grafu. Tena alama inaweza kuwa ya kurithi, yani bamba lilizama zamani sana na mwamba uliobaki ukaja kuyeyuka baadaye.

Mimi kwa Oman naegemea bamba, na kilichonivuta sio lava peke yake, ni garneti (aina ya madini) za kwenye miamba iliyopikwa chini ya kipande kile cha sakafu ya bahari, zilipimwa zikatoa miaka milioni 104 hivi (matokeo ya 2018), maana yake kuzama kulianza kabla lava hazijatoka.

Ninachokataa ni mtu kuchukua grafu moja akachora bahari nzima. Lava inasema habari za pale ilipotokea, upana wa bahari haiujui, huo unatafutwa kwa sumaku ya kale ya miamba na visukuku vya radiolaria, viumbe vidogo sana vya baharini. Na sisi Afrika Mashariki linatugusa kweli, maana mabaki ya bahari ya Msumbiji, iliyofungika zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, yapo Sekerr kule Pokot Magharibi na Moyale, miamba imepikwa na kukandamizwa mno, visukuku vya kusaidia hamna, kwa hiyo tunaitegemea kemia zaidi palepale ambapo ushahidi wake umechakaa kuliko Oman.