Maonyesho ya bluu tupu Bagamoyo: tatizo sio rangi, ni macho ya jopo

Wiki kama tatu sasa wachoraji wa hapa Bagamoyo wakikutana hawaongei kingine. Kuna wazo limeletwa la kufanya maonyesho ya kanda nzima ya pwani, kuanzia Tanga kushuka mpaka Kilwa, na masharti yake ni mawili: kila kazi iwe ya bluu, yani bluu ndio itawale, alafu sio kila atakayeleta atatundikiwa, kuna jopo la majaji litakaa lichuje. Bado ni wazo tu, hakuna tarehe wala ukumbi, lakini watu wameshagawanyika, wengine wanasema hii ndio itatuamsha, wengine wanasema haya ni mambo ya kuletewa. Mi nimekaa nao wote nimewasikiliza, na naona kila upande una haki yake ila kinachogombaniwa sio chenyewe.

Nianze na wanaopinga maana hao ndio wenye cha kupoteza. Mchoraji wa kibandani anaishi kwa kuuza kwa anayepita, na anayepita anataka twiga, anataka jua linazama, anataka Wamasai watatu warefu wamesimama na mikuki. Sasa umwambie aache kazi wiki mbili achore bluu tupu apeleke kwa jopo, ikichujwa anarudi nayo nyumbani, mtalii haitaki, jirani haitaki, na kitambaa kishaliwa na rangi ishaliwa. Na kama kuna ada ya kushiriki, kama walivyozoea nchi nyingi za nje ambako unalipa ndio jopo liangalie kazi yako, hapo ndio umemmaliza kabisa, analipia kukataliwa.

Alafu kuna hoja ya mtindo wenyewe, na hii naiheshimu sana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora pale Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kopo, ile ile ya kupakia baiskeli, na nguvu ya picha zake ni rangi kugombana, njano juu ya nyeusi, nyekundu ubavuni mwa kijani. Yeye alifariki 1972, miaka minne tu ya kazi, lakini nusu ya vijana wanaochora pwani hii mpaka leo mkono wao umetokea huko. Kumwambia mtu aliyelelewa hivyo achore kwa rangi moja ni kama kumwambia mpiga ngoma aache chapuo zote abaki na msondo peke yake. Na wachonga mpingo je? Mpingo ni mweusi na ndio thamani yake, hakuna fundi mwenye akili atakayeupaka bluu ili aingie kwenye maonyesho, kwa hiyo hao wamefungiwa mlango kabla hata jopo halijakaa.

Sasa upande wa pili. Tukubali jamani, tumechoka kuona tembo yule yule kwenye vibanda vitano. Kila mtu anamwangalia mwenzake, kilichouzwa jana kinachorwa na kumi kesho, na hata wale waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa hapa Bagamoyo kilichoanza 1981 na kimetoa wasanii wakubwa wa nchi hii, wakitoka nje njaa inawarudisha kwenye tembo. Ukimnyang'anya mtu rangi zote ukamwachia moja hawezi tena kujificha nyuma ya njano na nyekundu, lazima ajue mwanga unatoka wapi, kivuli kinaanguka wapi, lazima ile bluu moja aifanye iwe nzito hapa na nyepesi pale. Picasso kati ya 1901 na 1904 alichora karibu kila kitu kwa bluu, ombaomba, vipofu, wanawake wenye huzuni, na hakuna anayeziangalia zile picha akalalamika kwamba rangi zimepungua. Alafu kuna usawa ndani yake, mwenye kopo moja na mwenye boksi zima la akriliki kutoka nje wanakaa karibu mstari mmoja.

Kwanini bluu na sio nyingine, hilo nalipita haraka: ukichagua nyekundu watu wataona Simba, ukichagua kijani na njano wataona Yanga au CCM, na mchoraji anataka picha yake iangaliwe, sio ipigiwe kura.

Ila bluu yenyewe ina mambo, na hapa ndio nataka kukaa kidogo. Kiswahili tangu zamani kina rangi tatu tu zenye jina lake lenyewe, nyeupe, nyeusi na nyekundu, ndio maana zinakubali kufuata ngeli, shati jeupe, kanga nyekundu. Zingine zote tumeziazima kwenye vitu, kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni ile bizari. Bluu nayo imegawanyika: kuna samawati, ya mbingu, kuna nili, ya ule mmea wa kutia rangi nguo, na kuna hii bluu ya juzi iliyotoka kwenye Kiingereza ikameza zote. Kwa hiyo tangazo likisema "rangi ya bluu" bado halijasema kitu, bluu ipi? Jopo likiwa na watu waliozoea kuiwaza pwani kama kadi ya posta watategemea bahari na mbingu na ngalawa, na mchoraji naye akishajua hivyo atawapa bahari na mbingu na ngalawa, tutakuwa tumetoka kwenye tembo tumeingia kwenye mawimbi.

Bluu ninayoijua mi kwanza kabisa ni ya kwenye beseni. Mama Alhamisi jioni anafua kanzu za Ijumaa, ana kitambaa kidogo amefungia ile bluu ya kufulia, anakizungusha kwenye maji ya mwisho mara tatu nne, maji yanakuwa samawati nyepesi, anachovya kanzu, anaikamua, anaianika, ikikauka ni nyeupe kuliko nyeupe. Sasa sikiliza, ile bluu ya kufulia kwa asili ni ultramarini, unga wa rangi ya bluu, ila ile ya kiwandani, iliyogunduliwa Ufaransa miaka ya 1820 ili kuchukua nafasi ya ultramarini ya zamani, ambayo ilisagwa kutoka kwenye mawe ya milima ya Badakhshan huko Afghanistan na wachoraji wa Ulaya walikuwa wanainunua kwa bei ya kushindana na dhahabu. Na ni ultramarini hiyo hiyo ya kiwandani aliyotumia Mfaransa Yves Klein, yule aliyeonyesha picha 11 za bluu tupu Milan mwaka 1957, zote saizi moja, hakuna mtu, hakuna mti, hakuna mstari, na mwaka 1960 akaenda kuandikisha rasmi namna yake ya kuichanganya na gundi maalumu ili unga ubaki unaonekana mkavu kama unga. Yani kilichomfanya mtu awe maarufu dunia nzima kilikuwa kwenye beseni za mama zetu. Mtu akileta kanzu nyeupe iliyofuliwa kwa bluu akaitundika, jopo litasemaje? Ni kazi ya bluu au sio? Mi nasema ni ya bluu kuliko picha nyingi za bahari, maana ule weupe hauwezi kuwepo bila ile bluu.

Na kuna kaniki. Vijana wengi wanaijua kama nguo ya shamba tu au ya waganga, lakini Bagamoyo hii ilijengwa na misafara, na msafara ulioondoka hapa kwenda Tabora mpaka Ujiji ulibeba vitambaa kama sisi tunavyobeba hela. Kulikuwa na marekani, ile pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani kwenyewe ndio ikapata jina, na kulikuwa na kaniki, iliyotiwa nili India, zikihesabiwa kwa shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8. Kwa kaniki walinunua chakula njiani, walilipa hongo, yani ushuru wa kupita, kwa watawala wa njia, na kwenye njia hizo hizo watu walinunuliwa. Hapa pwani kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, na utumwa ulipokwisha wanawake wengi waliiweka chini wakachukua kanga zenye maua na maneno, kuonyesha wao ni watu huru. Sasa hiyo ndio bluu ya Bagamoyo, bluu ambayo watu waliivua. Na ukitaka jambo la kuchora kwa rangi moja hutapata kubwa kuliko hilo, hasa ukikumbuka wachoraji wetu wengine mpaka leo wakikosa kanvasi wanachora juu ya marekani.

Nilienda kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu ninayejua anayo kaniki ya zamani. Nikamwamkia, akaitoa kwenye sanduku, nikamwambia bibi mbona hii nyeusi, akaniambia, "Ilete huku mlangoni mjukuu wangu, humo ndani kila kitu cheusi." Nikaifungua mlangoni, saa tatu asubuhi, jua linaingia kwa ubavu. Kwenye bapa la kitambaa ilikuwa nyeusi kweli, lakini pale ilipokunjwa miaka na miaka mikunjo imepauka na ile mistari ni bluu, bluu ya ndani kama ya mshipa mkononi, na ukiisogeza kuna wekundu kidogo unapita juu yake unaondoka. Nikaipiga picha kwa simu mara tatu. Moja ilitoka nyeusi, moja ya kijivu, ya tatu bluu kali ya wino wa kalamu ambayo kwenye kitambaa haipo kabisa.

Hapo ndio nikajua ugomvi wetu uko wapi. Hizi siku maombi ya maonyesho yanatumwa kwa picha za simu, jopo linakaa mezani linasogeza kioo kwa kidole, inapita, haipiti. Kwa maonyesho ya kawaida unaweza ukavumilia, mchoro wa soko ni mchoro wa soko hata rangi ikipotea kidogo. Lakini kama rangi ndio sharti lenyewe, na simu inajipangia yenyewe rangi kadri inavyoona mwanga, na kila kioo kina bluu yake, basi jopo linahukumu simu. Kuna bluu ambazo kioo hakiwezi kuzitoa, ile ya Klein ni mojawapo, ukiiona kwenye simu hujaiona. Mwenye simu ya gharama anapita, mwenye simu iliyopasuka anachujwa, na ule usawa wa kopo moja niliousifia hapo juu umekufa.

Wenye kutetea utaratibu wa simu wana lao, na sio dogo. Mtu wa Kilwa au Pangani kubeba picha ya mita moja na nusu kwenye basi mpaka Bagamoyo, ikichujwa aibebe tena kurudi, ni mateso na ni nauli. Ni kweli. Hata London, kwenye yale maonyesho ya kila mwaka ya Royal Academy yaliyoanza 1769, siku hizi hatua ya kwanza ni picha za kidijitali, wanaopita ndio wanaleta kazi yenyewe ikaangaliwe. Ila pale rangi sio sharti. Kwetu mi naona afadhali jopo lisafiri. Majaji watatu kwenye basi, siku moja Tanga, siku moja Bagamoyo, siku moja Kilwa, nauli yao haifikii hata robo ya nauli za wachoraji wote, na wataziona kazi mlangoni kwenye jua na ndani kwenye taa. Na angalau mmoja awe mtu anayejua nguo, fundi wa batiki au wa kutia rangi, sio wote wachoraji, maana ukimtoa mtu wa vitambaa kwenye jopo la bluu umeondoa historia nzima ya nili. Kitambaa kilichochovywa nili kikitoka kwenye pipa sio bluu, ni kama kijani cha njano, kinageuka bluu kikikutana na hewa mbele ya macho yako, mtu aliyeshika hilo kwa mikono yake anajua kwamba bluu inachukua muda.

Kuhusu kuchuja kwenyewe sina ugomvi. Wapo wanaotaka kila kazi itundikwe, wanasema sanaa haina hakimu, mi hapana, ukitundika kila kitu aliyehangaika miezi na aliyepaka jana usiku wanaonekana sawa, na anayeumia ni aliyehangaika. Lakini waliochujwa wapewe ukuta wao. Paris mwaka 1863 jopo lilikataa zaidi ya nusu ya kazi, wachoraji wakapiga kelele mpaka mfalme Napoleon wa Tatu akaruhusu zilizokataliwa zionyeshwe jengoni humo humo ili watu waamue wenyewe, na ndani ya zile zilizokataliwa kulikuwa na za Manet, ambaye leo anahesabiwa kati ya wachoraji wakubwa wa Ufaransa. Sisi hatuhitaji mfalme, tunahitaji kibaraza na misumari. Ada isiwepo, na kama lazima iwepo ilipwe na aliyepita, sio aliyeomba.

Na wachonga mpingo wasifungiwe. Tangazo liseme bluu inaweza kuwa mada hata kama sio rangi iliyopakwa, mchonga vinyago akileta mwanamke anayechovya kanzu kwenye beseni jopo limuulize bluu iko wapi, na yeye ajibu. Akijibu vizuri apite. Najua wapo watakaosema hapo sharti limelegea, kila mtu ataleta chochote aseme ni bluu ya moyoni, na hofu hiyo ni ya kweli, lakini jopo ni la nini sasa kama sio kutofautisha mwenye jibu na mwenye maneno?

Ile kaniki nimemwomba bibi aitoe siku ikifika. Kwanza alikataa, akasema nguo ile haijawahi kutembea. Juzi akaniita, amekubali, ila isipigwe msumari, itundikwe kwenye kamba kama nguo inavyoanikwa, na iwe karibu na mlango.